Kuitamani Pepo Ukiwa Yide Lu: Mafunzo Manne Niliyopata

Kijana wa Kariakoo, Darajani au Eastleigh anayejiandaa kwenda Guangzhou, China, hupewa maelekezo mengi: visa, wakala wa mizigo, nafasi kwenye kontena. Yote ni ya lazima, na simkatazi mtu kutafuta. Lakini Yide Lu, barabara ya maduka ya jumla iliyo karibu na Mto wa Lulu, chini ya minara ya kanisa kuu la mawe lililojengwa kuanzia 1863 hadi 1888, ilinifundisha mambo kuhusu Pepo ambayo sikuyatarajia sokoni. Nayaandika kwa ajili ya wanaonifuata nyuma.

1. Thamani ya dunia imo machoni mwa watu

Upande mmoja wa Yide Lu huuza vyakula vikavu vya baharini. Mara ya kwanza kupita pale nilisimama mbele ya chupa kubwa ya kioo. Ndani yake walikuwamo majongoo bahari, weusi, wamekauka kabisa, wamepangwa kwa ukubwa na kila daraja limebandikwa bei yake. Pembeni yalikuwapo mabondo ya samaki, bidhaa ambayo wenzetu wa Ziwa Victoria huitoa kwenye sangara na kuikausha kwa ajili ya masoko hayo hayo.

Nilishangaa sana. Unguja na Pemba watu huwaokota majongoo hao maji yakitoka, huwapasua, huwachemsha na kuwaanika, lakini kwenye sinia la chakula chetu hawapo. Kule China ni heshima ya karamu na zawadi ya sikukuu. Kitu ni kile kile, macho ndiyo yaliyobadilika. Na fahari nyingine za dunia, iwe gari, jumba au saa ya mkononi, zimesimama juu ya msingi huo huo: watu wakigeuza macho, bei imekwisha. Pepo haingoji kupandishwa bei na mtu yeyote. Aliyeisifu ndiye aliyeiumba.

2. Kupenda kizuri si dhambi

Ukiendelea mbele unakuta midoli, maua ya kitambaa, taa nyekundu za mwaka mpya wa Kichina na mapambo ya rangi ya dhahabu, vyote vikiuzwa kwa katoni. Mzee mmoja wa Mombasa niliyefuatana naye alishika mkufu wa lulu za plastiki, akauliza bei ya dazeni, kisha akaanza kunitajia yale ambayo Qur'ani imewaahidi watu wa Peponi: bangili za dhahabu, lulu, hariri ya kijani, vyombo vya fedha, matakia ya kuegemea.

Nilikuwa nimeyasoma tangu chuoni, lakini pale dukani ndipo nilipotambua kwamba mengi ni vitu ambavyo wafanyabiashara wamevisafirisha tangu kale. Mwenyezi Mungu amemwita mwanadamu kwa vitu ambavyo jicho lake tayari linavipenda, na Mtume wetu (S.A.W.) akafundisha kwamba huko yako pia yasiyowahi kuonwa na jicho lolote. Basi mapenzi ya kizuri usiyaue. Uzuri wa hapa ni sampuli, na hakuna mnunuzi mwenye akili anayeshika sampuli akasahau mzigo.

3. Aliyebashiriwa Pepo alikuwa na mali

Ijumaa wafanyabiashara wengi Waislamu hufunga hesabu na kwenda Msikiti wa Xianxian. Utawakuta Wahui wa China, Wamali, Wayemeni na Wasomali wamejaa hadi uani, na nje kuna wauza mikate na mishikaki ya kondoo. Hapo pana kaburi ambalo Waislamu wa China wanalinasibisha na Saad bin Abi Waqqas (R.A.), mmoja wa masahaba kumi waliobashiriwa Pepo. Vitabu vya historia vinasema alifia karibu na Madina na kuzikwa Baqii. Hata hivyo, ziara ile ilinifanya nimsome upya.

Saad ndiye aliyeongoza jeshi la Waislamu kwenye vita vya Qadisiyya na kuingia Madain, makao ya wafalme wa Uajemi, mwaka 637, hazina zao zikiwa mbele yake. Alipofikwa na mauti aliomba akafiniwe joho la sufi kuukuu alilolivaa kwenye vita vya Badr. Lakini huyu hakuwa fukara. Alipougua Makka alitaka kutoa sehemu kubwa ya mali yake, Mtume akamwekea mpaka wa theluthi, na akamweleza kuwa kuwaacha warithi wanajitosheleza ni bora kuliko kuwaacha wakiomba watu.

Namkumbuka mwenzetu aliyefariki kontena lake likiwa baharini. Mkewe hakujua mumewe anamdai nani wala anadaiwa na nani, na wadai walibisha hodi matanga hayajaanuliwa. Anayeitamani Pepo kwa kweli huandika madeni yake na wasia wake kabla ya safari.

4. Pepo hupotezwa kwenye ankara

Mazungumzo ya bei Yide Lu hufanywa kwa kikokotoo: muuzaji anabonyeza tarakimu, unafuta, unabonyeza zako. Siku moja tulipokubaliana, muuzaji akaniuliza kwa upole niandikiwe bei gani kwenye ankara ya forodha, na kama nataka daraja la chini lenye sura ya daraja la juu. Kilichonishtua ni ule upole. Hakuna aliyenilazimisha, na mteja wangu wa Tandika asingejua kamwe.

Qur'ani ina sura nzima iliyopewa jina la wapunjao, Al-Mutaffifin. Mtihani wa mfanyabiashara uko hapo, kwenye tarakimu anayoiacha iandikwe. Hata kiatu cha mtoto kinachobanduka soli wiki ya kwanza ni haki iliyodhulumiwa ya mama aliyekinunua, naye ataidai.

Basi nendeni Yide Lu, wanangu, mnunue na mpate faida. Ila kabla ya kupanda ndege lipeni mnachoweza kulipa, andikeni mnachodaiwa, na ankara yenu iwe ni ile ambayo hamtaona haya kuisoma mbele ya Mola wenu.