Msikilize kwanza, ndipo umnasihi



Ndugu zangu, tangu nianze kusoma saikolojia hapa Kampala nimeulizwa mara nyingi: Muislamu anatafuta nini huko, na Qur'ani tunayo? Swali ni la haki. Nitalijibu kwa mambo mawili ya darasani, moja la saikolojia ya jamii na jingine la unasihi.

Mwaka 1968 watafiti wawili wa Marekani, John Darley na Bibb Latané, walichapisha jaribio walilowafanyia wanafunzi wa chuo. Mwanafunzi aliketi peke yake chumbani, akizungumza na wenzake wa vyumba vingine kwa maikrofoni. Ghafla akasikia mmoja wao anashikwa na kifafa. (Sauti ilikuwa imerekodiwa, naye hakujua.) Kati ya waliodhani ni wao tu waliosikia, asilimia 85 walitoka kutafuta msaada kabla sauti haijakatika. Kati ya waliodhani wapo wengine wanne wanaosikia, ni asilimia 31 tu. Hawakuwa watu wabaya. Mtu akijua wapo wengine, mzigo huwa mwepesi mabegani mwake.

Sasa tazama hosteli zetu. Ndugu aliyekuwa safu ya mbele kila Alfajiri haonekani wiki ya pili. Sote tunasema, "Jumuiya itamtembelea." Jumuiya ni nani? Amiri amtaje mtu kwa jina: wewe, kaka fulani, nenda leo baada ya Isha, kesho uniletee habari zake. Kwa akina dada vivyo hivyo.

Ukishafika, utasema nini? Wengi wetu hufungua mlango na aya mdomoni, kisha tunamwambia asubiri, imani yake imepungua. Mtu huyo hatafungua tena moyo wake.

Kumbukeni kijana aliyemwendea Mtume (s.a.w.) kuomba ruhusa ya kuzini, katika hadithi ya Abu Umama iliyopokewa na Imam Ahmad. Watu walimkaripia. Mtume alimsogeza karibu, akamketisha, akamuuliza kama angelipenda jambo hilo kwa mama yake, binti yake, dada yake, na kila mara akamwacha ajibu. Mwisho alimwekea mkono, akamwombea dua.

Darasani utakutana na Carl Rogers, aliyefundisha kumkubali mtu bila masharti. Baadhi yetu hushtuka hapo. Mimi sioni tatizo, maana kumkubali mtu si kuhalalisha kitendo chake. Kijana yule hakuhalalishiwa chochote, wala hakufukuzwa.

Na usiseme kazi hii ni ya madaktari tu. Watafiti waliokwenda Masaka na Rakai waliwauliza kwanza wanakijiji wanauitaje ugonjwa wa huzuni, wakapewa maneno ya Kiganda: okwekyawa, yaani kujichukia, na okwekubagiza, kujihurumia. Kisha vikaanzishwa vikundi vya mazungumzo, dakika 90 kila wiki kwa wiki 16, vikiongozwa na wenyeji wasio madaktari waliopewa mafunzo ya muda mfupi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003. Katika vijiji vyenye vikundi, wenye sonona walishuka kutoka asilimia 86 hadi 6.5. Katika vijiji visivyo na vikundi walishuka pia, kutoka 94 hadi 54.7. Kwangu mimi, tofauti hiyo inatosha kumjibu anayesema kuongea ni kupoteza muda.

Basi anza na swali fupi: "Siku hizi unalalaje?" Nyamaza. Akimaliza, mrudishie ulichosikia kwa maneno yako, akusahihishe. Nasaha ije akiiomba.

Siri yake itunze, isipokuwa uhai wake ukiwa hatarini. Ukihofia hivyo, muulize wazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Akikubali, usimwache peke yake na usimwahidi kunyamaza. Mpeleke kituo cha ushauri nasaha cha chuo, Makerere tunacho, au hospitali ya Butabika, na kesho yake urudi kumtazama.