SOMO LA UFUNDI: Bomba la hewa na nguvu za injini



Katika karakana za Rumonge, na njia yote ya ziwani kutoka Bujumbura kupita Magara mpaka Nyanza-Lac, kuna maneno yanayorudiwa sana: kata bomba la kuingizia hewa, gari litapata nguvu. Fundi mwingine husema refusha. Mwenye gari husikia, huamuru, na dereva au fundi hutii. Injini ikifa baada ya miezi mitatu, anayekatwa mshahara ni yule aliyetii. Kwa hiyo tumeona somo la leo liwe hili. Tunataka kila mwenzetu ajue bomba lile linafanya kazi gani, ili akipewa amri aweze kujibu kwa hesabu.

Tuanze na hewa yenyewe. Injini haichomi mafuta peke yake, huchoma mafuta pamoja na hewa. Hewa ikiwa nyingi ndani ya silinda, mafuta mengi zaidi yanaweza kuungua vizuri, na nguvu huongezeka. Hewa huingia kwa sababu pistoni ikishuka inaivuta kupitia valvu ya kuingiza. Wengi hudhani hewa hiyo hufuata tu, kama mbuzi afuatavyo kamba. Sivyo. Hewa ina uzito, na ikishaanza kwenda haipendi kusimama. Mmesafiri katika basi dogo lililojaa: dereva akikanyaga breki ghafula, watu wote wa nyuma wanawalalia wa mbele. Hewa katika bomba hufanya hivyo hivyo mbele ya valvu inayofungwa, inabanana.

Kuna jambo la pili, nalo ndilo la urefu. Pistoni inaposhuka huvuta kwa nguvu zaidi karibu na katikati ya safari yake. Mvuto huo hautulii pale pale. Huondoka kama wimbi na kupanda bombani kwa mwendo wa sauti, ambao katika hewa ya joto la ziwani ni karibu mita 345 kwa sekunde moja. Likifika kwenye mdomo wa bomba ulio wazi, wimbi hugeuka. Lilikwenda likivuta, linarudi likisukuma. Sasa, valvu ya kuingiza haifungwi pistoni inapofika chini kabisa, hufungwa baadaye kidogo. Wimbi likirudi katika nafasi hiyo ndogo, linashindilia hewa ya ziada ndani ya silinda. Likirudi mapema mno au likichelewa, msaada huo haupo, na pengine hewa hurudishwa nje.

Kati ya mvuto mkubwa na saa ile ya kushindilia, injini huzunguka karibu robo mzunguko. Hapo tunapata hesabu ambayo mtu anaweza kuifanya kwa kalamu: gawa 2,600 kwa mizunguko ya injini kwa dakika, utapata urefu wa bomba kwa mita, kuanzia kwenye valvu mpaka pale bomba linapofunguka kwenye sanduku la hewa au nje. Ni makadirio, maana kila injini ina saa yake ya kufunga valvu, lakini yanatosha kumfungua mtu macho.

Jaribuni. Injini ya gari inayokwenda mizunguko 6,000 inataka sentimita 43. Ikienda 3,000 inataka sentimita 87. Injini ya mazuti, yaani dizeli, ya silinda moja inayozunguka mara 2,000 inataka mita 1.3. Na ile Lister ya zamani ya nguvu za farasi 6, iliyozunguka mara 650 tu, ingetaka mita 4! Mnaona basi: bomba refu husaidia mwendo wa polepole, bomba fupi husaidia mwendo wa kasi. Wote wawili waliokuwa wakibishana karakanani walikuwa na nusu ya ukweli.

Viwanda vikubwa vilijua hayo zamani. Mwaka 1960 kampuni ya Chrysler ya Marekani ilitoa gari liitwalo 300F, lenye mabomba ya hewa ya karibu sentimita 76 yaliyopita juu ya injini kutoka upande mmoja hadi mwingine. Yalilenga nguvu ya kuvuta karibu na mizunguko 2,800. Kwa waliotaka mbio zaidi, kiwanda kilitoa mabomba yaliyofanana nayo kwa nje, lakini ukuta wa kati ulikuwa umeondolewa ndani, hata yakafanya kazi kama mabomba ya nusu ya urefu. Mwaka 1991 gari la Mazda lililoshinda mashindano ya Le Mans kule Ufaransa lilikuwa na mabomba yanayorefuka na kufupika yenyewe kufuata mwendo wa injini. Magari mengi ya kawaida ya siku hizi yana kifaa cha namna hiyo, cha hatua mbili. Angalieni: kama bomba fupi lingekuwa bora daima, nani angegharamia kifaa cha kulirefusha?

Turudi kwetu. Gari linalopakia mawese na ndagala Rumonge na kupanda Bururi halipandi kwa mizunguko 6,000. Linapanda polepole, limelemewa. Ukilikata bomba lake, unachukua nguvu pale linapozihitaji na kuzipeleka pale lisipofika. Kelele huongezeka, ni kweli, na kelele hudanganya sikio likadhani ni nguvu.

Tena mlima wenyewe hunyang'anya hewa. Ziwa letu liko karibu mita 770 juu ya bahari, na kila ukipanda mita 1,000 hewa hupungua karibu sehemu moja ya kumi. Injini isiyo na turbo hudhoofika kwa kiasi hicho hicho, na hakuna urefu wa bomba utakaoirudisha yote. Joto nalo ni mwizi: kila digrii 3 za joto la ziada katika hewa inayoingia hupunguza hewa kwa asilimia 1 hivi. Bomba lililokatwa likaachwa linavuta chini ya boneti, karibu na radieta, linaweza kupoteza zaidi ya lilichopata.

Kwa wenzetu wa mashini za kukamulia mawese, jambo ni jepesi zaidi. Injini yenu ya mazuti ina gavana, na nguvu yake hupimwa na pampu ya mazuti. Ukiongeza hewa bila kuongeza mazuti, moshi mweusi utapungua, lakini nguvu haitapanda kwa maana. Kwenu shughulikieni filta kwanza. Banda lina majivu ya moto wa kuchemshia na nyuzi za ngazi zinazopeperuka. Injini inayovuta hewa hiyo bila filta inasaga ringi zake yenyewe. Chunguzeni pia kama mpira wa hewa umepasuka baada ya filta, maana hapo vumbi huingia bila kizuizi. Na bomba la moshi litolewe nje ya banda, kwa ajili ya mapafu ya watu.

Kuna hatari nyingine ambayo watu wa ziwani hawana haja ya kuelezwa sana. Maji ya Tanganyika yalipanda na kufurika mwaka 2021, na tena mwaka 2024, yakaingia katika mitaa ya Rumonge. Bomba lililokatwa mara nyingi mdomo wake hushuka chini. Likivuta maji, pistoni hukutana na kitu kisichobanika, na konrodi hupinda papo hapo. Katika magari mapya, bomba lina pia kifaa cha kupima hewa. Ukilikata ovyo, injini hupewa kipimo cha uongo na kula esansi, nayo esansi tunajua ilivyotusumbua miaka hii.

Mwenye mali akishikilia amri yake, mwombeni aiandike katika daftari la gari au la mashini, pamoja na tarehe, na fundi aandike urefu wa bomba kabla na baada. Anayekataa kuandika amekwisha kujibu.

Zoezi kwa ajili ya mkutano wa kikundi: gari lina bomba la sentimita 52 kutoka kwenye valvu. Gawa 2,600 kwa 0.52. Mwulizeni dereva wa njia ya Bururi ni lini mara ya mwisho alifikisha mizunguko hiyo akiwa amepakia.