Somo la robo hii: Kosa likionekana baada ya maombi ya kazi kutumwa



Ada tunazochangia zinatupatia vijana wenye vyeti, na wenye vyeti wanatafuta kazi. Hapo ndipo katibu wa usharika hugongewa mlango jioni. Tuchukue mfano wa binti wa hapa Ngujini. Ameomba kazi katika shule ya awali ya binafsi, kisha anatambua ameandika kwamba alijitolea kufundisha miaka mitatu, kumbe ni mmoja. Anaomba barua yenye muhuri kuthibitisha hiyo mitatu. "Baba, ni karatasi tu."

Tumwonee huruma, lakini barua hiyo isiandikwe. Tarehe 28 Aprili 2017, Dodoma, Rais Magufuli alipokea taarifa ya watumishi 9,932 waliokutwa na vyeti vya kughushi, akaagiza waondolewe kazini. Kosa la kalamu likilindwa kwa barua ya uongo si la kalamu tena, na muhuri wa usharika unakuwa shahidi wake.

Afanye nini mwenye kosa? Kwanza apime uzito. Herufi iliyoruka katika barua aiache. Kuiandikia ofisi kwa ajili hiyo ni kuwasumbua bure. Namba ya simu, mwaka wa kumaliza shule, cheti cha mwenzake kilichoambatishwa kwa haraka: hayo ayasahihishe siku hiyo hiyo. Kwa kazi zinazopitia Sekretarieti ya Ajira, aingie tena kwenye akaunti yake kabla ya tarehe ya mwisho. Muda ukiwa umepita, aandike barua fupi kwa anwani ile ile, akitaja nafasi aliyoomba, alichoandika, kilicho sahihi, na kuomba radhi mara moja tu. Aambatishe uthibitisho. Asimlaumu kijana wa stesheneri aliyemchapia, hata kama ndiye.

Huku kwetu milimani majina ndiyo yanayosumbua zaidi. Cheti cha ubatizo kinasema Elinema, cha kidato cha nne Elineema, na kitambulisho cha taifa kimeongeza jina la babu. Hapo radhi haitoshi. Kwenye usaili wa serikali hutakiwa hati ya kisheria kutoka kwa mwanasheria, kuonyesha kuwa majina hayo ni ya mtu mmoja. Ashuke Mwanga mapema, asingoje kuitwa. Kamati yenye mfuko wa elimu imsaidie nauli na gharama ya hati. Sidhani kama mfadhili aliyelipa ada miaka minne atalikataa hilo.

Na yule binti? Aiandikie shule kuwa ni mwaka mmoja. Huenda nafasi ikapotea, tusimfiche. Lakini katibu anaweza kumwandikia barua ya kweli ya huo mwaka: alifundisha watoto wangapi, na kama alifika kwa wakati hata siku za mvua.

Kwa mazungumzo ya kamati: someni Mithali 28:13, kisha fungueni faili la barua za utambulisho. Ni zipi tulizotia muhuri bila kuuliza?