Prosesa Kongwe Inapofika Ukomo Wake

Wenzetu kadhaa wa mwaka wa mwisho wameniuliza kama kompyuta ya mezani ya zamani inaweza kuongezwa mwendo ili imalize hesabu za tasnifu upesi. Inaweza. Lakini lililo zito zaidi ni kujua imefika wapi mwisho wake. Kompyuta iliyovuka ukomo haizimiki kila mara. Kuna wakati inaendelea kufanya kazi kama kawaida, inakupa jibu lisilo sahihi, nawe unalipeleka kwa msimamizi ukiliamini.

Nitatumia mfano wa kompyuta tunayochapia kazi zetu hapa Gisenyi. Ndani yake mna Core 2 Quad Q6600, prosesa ya Intel iliyotoka Januari 2007, yenye viini vinne na mwendo wa gigahezi 2.4. Namba hiyo hupatikana kwa kuzidisha: basi, yaani njia inayounganisha prosesa na vifaa vingine, huenda megahezi 266, na kizidisho ni 9. Kizidisho chake hakipandi, hushuka tu hadi 6. Kwa hiyo mwendo huongezwa kwa kupandisha basi kwenye BIOS: 333 mara 9 ni karibu gigahezi 3.0, na 356 mara 9 ni 3.2.

(Fungua BIOS yako kwanza. Kompyuta nyingi za mtumba zilizotoka maofisini hazina kabisa mahali pa kubadilisha haya. Ikiwa ndivyo, fedha yako iende kwenye RAM au diski ya SSD, na huenda ukafaidika kuliko sisi.)

Kwa 333 hapakuwa na shida. Kwa 356 kompyuta iliwaka, Windows ikafunguka, hata filamu ilichezwa. Wengi huishia hapo na kushangilia. Nilipoweka Prime95, programu inayopiga hesabu ndefu na kuzilinganisha na majibu yanayojulikana, kiini kimoja kilisimama baada ya dakika kama hamsini kwa kosa la hesabu. Skrini haikuganda. Kama ingekuwa kazi ya mwanafunzi badala ya jaribio, hakuna ambaye angegundua.

Sasa nani ana kosa? Ukipandisha basi, hupandi na prosesa peke yake. RAM inakwenda nayo, na ubao mama pia. RAM yetu ni DDR2-667, ambayo kwa basi la 333 iko sawasawa na kiwango chake, na kwa 356 imekwisha kuzidishwa. Dawa ni kumtoa mshukiwa mmoja chumbani. Nilishusha kizidisho hadi 6 na kuliacha basi kwenye 356. Hapo prosesa inakwenda gigahezi 2.1 tu, chini ya mwendo wake wa kuzaliwa, huku RAM na ubao mama vikibeba mzigo uleule. Memtest86+ ilianza baada ya Isha, na Alfajiri haikuwa na kosa hata moja. RAM na ubao mama vikatoka katika lawama, ikabaki prosesa yenyewe.

Kwenye gigahezi 3.2 kila hatua ina muda wa nanosekunde 0.31 tu, badala ya 0.42 za mwanzo. Transista isiyowahi kubadilika ndani ya muda huo huacha namba iliyokosewa. Volti ikiongezwa transista huwahi, ila joto hupanda, kwa sababu umeme unaoliwa hufuata mwendo mara volti kwa kipeo cha pili. Nilitoka volti 1.25 hadi 1.325. Piga hesabu: mwendo umezidi mara 1.33, volti kwa kipeo cha pili mara 1.12, jumla karibu mara moja na nusu ya joto la awali. Prime95 ikapita usiku kucha.

Kuhusu joto, mji wetu una jambo lake. Tuko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya hapa ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko ya Mombasa, hivyo feni ileile hubeba joto pungufu kuliko lile iliyotengenezewa kubeba. Ila ubaridi wa Kivu unatufidia. Adui mkubwa ni vumbi jeusi la mawe ya volkano linaloziba mapezi ya kipoza joto. Lisafishe, badilisha na pesti iliyokauka, ndipo upime.

Nilidhani mambo yameisha, kumbe bado. Siku mbili baadaye kompyuta ikaanza kujiwasha upya katikati ya kazi, bila kosa lolote la hesabu na bila joto kupita kiasi. Dalili hiyo mara nyingi ni ya umeme. Nilipima kwa mita waya wa volti 12 utokao kwenye pawasaplai: ikiwa imetulia ulisoma 12.0, ikiwa na mzigo ulishuka hadi 11.3. Kiwango kinachoruhusiwa ni asilimia 5 juu au chini, yaani usipungue 11.4. Prosesa ilikuwa bado na pumzi, aliyechoka ni pawasaplai ya miaka mingi.

Tungeweza kununua nyingine. Kabla ya kuchangisha fedha za jumuiya nikapima kazi halisi ya mwanafunzi mmoja wa uhandisi: kwa gigahezi 2.4 ilichukua dakika 40, kwa 3.0 dakika 32, kwa 3.2 dakika 30. Dakika mbili hizo za mwisho ndizo zilizodai volti zaidi, joto zaidi na pawasaplai mpya. Nimeirudisha kwenye 333 na volti 1.25. Prime95 imepita saa kumi na mbili, waya unasoma 11.6, na faili ya majaribio yenye majibu yanayojulikana iko kwenye meza ya kompyuta. Anayetaka kuanza hesabu ya tasnifu aiendeshe hiyo kwanza. Inachukua dakika nne.