Mbona maneno ya pua huanza na "sn"?

SWALI: Binti yangu wa kidato cha pili ameona kwamba maneno mengi ya Kiingereza yanayoanza na "gl" yanahusu mwanga. Je, ni bahati tu?

JIBU: Binti yako ana jicho kali. Glow, gleam, glitter na glisten yote yanahusu kung'aa, na wanahistoria wa lugha huyarudisha kwenye shina moja la kale. Hata glad, yaani mwenye furaha, zamani lilimaanisha angavu. Glue, gundi, halimo katika ukoo huo, lilitoka Kifaransa.

Linalonivutia zaidi ni kundi la "sn": sniff ni kunusa, snore kukoroma, snot kamasi. Sasa tazama sneeze, kupiga chafya. Katika Kiingereza cha kale neno hilo lilianza na "fn". Mwanzo huo ulipokuwa ukitoweka vinywani mwa watu, neno likahamia "sn" na kukaa na wenzake wa puani, ingawa halikuzaliwa humo.

Mwanasarufi John Wallis alikwisha kuorodhesha mafungu ya aina hii katika sarufi yake ya mwaka 1653. Mwaka 1930 mwanaisimu J. R. Firth akayapa jina ambalo kwa Kiswahili tungeliandika fonestimu.

Lakini binti yako asiyachukulie mafungu haya kama viambishi vyetu. "Kiji" ya kijitoto inabanduka na kubaki "toto", shina lile lile la mtoto. Ukiondoa "gl" kwenye gleam, kinachobaki hakina maana. Na si kila neno la "sn" linahusu pua: snow ni theluji, snake ni nyoka. Kwenye mtihani, asikisie kwa herufi mbili; afungue kamusi mapema.