Vidaka Vinavyopukutika: Adui na Mlinzi wa Mnazi

Mwenye minazi wa Likoni au Kisauni akikuta asubuhi vidaka vimetapakaa chini ya mti, mara nyingi husema ni jua kali, au upepo wa kusi, au jicho la mtu. Ni kweli kwamba kila mnazi hupukutisha sehemu ya matunda yake machanga, kwani hauwezi kuyalea yote. Lakini yafaa kukiokota kidaka na kukitazama. Kikiwa na madoa meusi yaliyobonyea karibu na kikonyo, na utomvu uliokauka kama gundi, basi hapo hakuna jicho wala upepo. Yuko mwizi juu ya mti.

Mwizi huyo ni mdudu wa jamii ya kunguni, mwenye rangi ya hudhurungi iliyoelekea wekundu, na urefu wake wapita kidogo tu sentimita moja. Hukifyonza kidaka kwa mdomo mwembamba kama sindano, na mate yake yana sumu iuayo nyama changa ya tunda. Kidaka kilichofyonzwa kingali kidogo huanguka. Kikisalimika hukua na makovu, na nazi yake hutoka ndogo iliyopindika. Wadudu wachache tu katika mti mmoja watosha kuyaharibu mavuno. Mtaalamu M. J. Way aliuchunguza msiba huu huko Unguja na kuandika habari zake mwaka 1953. Mwaka 1955 mdudu huyo akapewa jina la kitaalamu, Pseudotheraptus wayi, kwa heshima yake.

Katika uchunguzi huo jambo moja lilidhihirika. Minazi iliyokaliwa na maji moto, wale chungu wekundu washonao majani wakayafanya nyumba, ilizaa vizuri, hali minazi ya jirani isiyo na maji moto ilipukutisha vidaka. Sababu ni kwamba chungu hao huwawinda kunguni na kuwafukuza wasitulie kwenye matunda. Watu wa Uchina wametumia chungu wa jamii hiyo kulinda michungwa yao kwa zaidi ya miaka 1,000.

Hapa ndipo penye ugomvi. Mkwezi na mgema huwachukia maji moto, na haki yao, kwani si mchezo kuumwa shingoni ukiwa juu ya mnazi mrefu. Basi humsihi mwenye shamba awachome moto au awapulizie dawa. Mwenye shamba akikubali amemwondoa mlinzi na kumwachia mwizi mlango wazi. Afadhali mkwezi ajipake majivu ya kuni mikononi na miguuni, naye mwenye shamba amwongezee ujira kidogo kwa kila mti wenye chungu. Nyongeza hiyo ni ndogo kuliko thamani ya nazi zitakazookolewa.

Maji moto nao wana adui wao: sisimizi wadogo wa hudhurungi, ambao askari wao wana vichwa vikubwa, wanaojenga udongoni penye shina la mnazi. Hao huwazuia maji moto wasipande wala kushuka. Wengi hudhani kwamba shamba zuri ni lile lililopaliliwa hata mchanga ukawa mweupe kote. Kumbe mchanga mtupu ndio upendwao na sisimizi hao. Katika minazi mikubwa, magugu na yafyekwe tu, yasing'olewe yote. Mche mchanga una sheria nyingine: usafishwe mduara wa mita moja kila upande, maana majani huunyang'anya maji. Milimau na miembe ikipandwa kati ya minazi, maji moto hupata makao mengine, na kamba iliyofungwa toka mti hadi mti huwa daraja lao.

Kunguni hula mavuno, lakini chonga huua mti wenyewe, hasa mche. Huruka usiku, akatoboa kilele na kutafuna makuti yangali yamekunjwa. Kuti likifunguka huonekana limekatwa kama kwa mkasi. Maji moto hawatoshi kumzuia. Mwenye mche hana budi kukagua kilele kila juma, na akiona tundu lenye nyuzi zilizotafunwa, amtoe chonga kwa waya wenye kulabu, kwa uangalifu asije akauchoma moyo wa mnazi.

Mabuu yake hulelewa katika magogo ya minazi yanayooza na katika marundo ya samadi. Hili ni jambo zito Changamwe na penginepo palipojaa nyumba, ambapo mnazi mmoja uliokufa mpakani, usiotakiwa na yeyote, huzaa chonga wa mtaa mzima. Gogo lipasuliwe lichomwe, au lizikwe chini sana. Samadi ipinduliwe mara kwa mara, na kuku waachiwe karibu, kwani wana hamu kubwa ya mabuu.

Kwa hiyo kitalu cha miche kisiwekwe karibu na jaa wala magogo. Nazi za mbegu zichaguliwe kwenye minazi iliyokomaa na izaayo sana, zilazwe na kufukiwa nusu, na zikaguliwe mchwa wasile makumbi. Nazi isiyochipuka baada ya miezi mitano itolewe kitaluni, hata ikiwa kubwa na nzuri kwa macho. Miche iliyo imara ihamishiwe shambani mwanzo wa mvua za masika.