Dondoo muhimu: Msomee mtoto kwa sauti

Mvua ya huku kwetu Kisondela ikianza jioni, watoto hukusanyika jikoni. Huo ndio wakati wa kitabu. Mpakate mdogo, kidole chako kifuate maneno, na kabla ya kufunua ukurasa muulize: "Unadhani sungura atafanya nini?" Mwache akisie, hata kwa Kinyakyusa, hadithi itanoga zaidi. Akitaka kitabu kile kile cha jana, msomee tena bila kuchoka, maana ndivyo anavyoyashika maneno. Vitabu vya Kiswahili vipo: Mradi wa Vitabu vya Watoto ulianza kusaidia kuvichapisha mwaka 1991. Mwombe mwalimu akuazime kimoja. Mzazi asiyejua kusoma amwachie kaka mtu asome, yeye aigize sauti ya fisi.